Je, wajua kwa nini mumiani alivaa sare za zimamoto?

Wanyonya damu wa hadithi za Ulaya hulala kwenye majeneza na kukimbia harufu ya kitunguu saumu. Wa kwetu, mumiani, aliingia kazini kwa zamu, akavaa buti, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara. Enzi za ukoloni, kuanzia Nairobi hadi Kampala na Dar es Salaam, wako wengi walioamini kwamba wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu ni wazimamoto.

Jini ungemwitia mganga. Mwajiriwa wa serikali anahitaji mpelelezi. Basi tumtume mmoja, wa kawaida kabisa: koti limepauka, daftari limebaki kurasa nne, kalamu ameazima, na hirizi hana.

Anaanza na jina la mshukiwa, na hapo hapo kesi inamchekesha. Mumiani kumbe ilikuwa dawa. Kwa Kiajemi "mum" ni nta, na "mumiya" ni lami iliyochuruzika kwenye miamba, ikatumika kutibu. Wazungu walidhani ni kitu kimoja na maiti zilizokaushwa za Misri, na kwa karne kadhaa wauza dawa wao wakawa wanauza unga wa maiti, watu wakinywa. Kwenye pwani yetu mumiani ilijulikana kama kitu cheusi mfano wa gundi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kuwa ilipakwa palipovunjika mfupa, au iliyeyushwa kwenye samli ikanywewa. Inaongeza kwamba wengi waliamini ni damu iliyoganda ya watu waliouawa, na uvumi ukienea kuwa mumiani inatafutwa, ni nadra mtu kutoka nje jua likishatua.

Mpelelezi anaandika: "Mshukiwa ametoka ngeli ya I-ZI, sasa yuko A-WA."

Lakini kwa nini zimamoto, na si polisi au karani wa kodi? Anakwenda kituoni kujionea. Lori jekundu linang'aa, linaoshwa hata lisipotoka. Mpira mrefu umeviringishwa kama utumbo. Sakafuni kuna shimo, lile ambalo fundi huingia ili akague gari kwa chini. Masimulizi yalisema humo ndimo waliotekwa walimowekwa. Wanaume wenye nguvu zao wameketi tangu asubuhi, hawajabeba gunia wala kushika jembe, na watalipwa. Usiku wa manane kengele inalia, wanatoka mbio. Sasa kama mtaa wako wa makuti haujawahi kuzimiwa moto na watu hawa, utasema wanakwenda wapi?

Hata lugha haikuwasaidia. Kwetu mzima ni aliye hai, na kuzima ni kukiondolea kitu uhai wake. Kuitwa mzimamoto mbele ya watu wenye wasiwasi ni kama kutembea na hati ya mashtaka kifuani.

Haikuwa mzaha kwa waliofanya kazi hiyo. Mwaka 1947, umati ulikishambulia kituo cha zimamoto mjini Mombasa kwa sababu ya uvumi huohuo.

Mwanahistoria Mmarekani Luise White alikusanya masimulizi ya namna hii Kenya na Uganda, na kitabu chake kikatoka mwaka 2000. Hakushughulika sana na kama kweli damu ilinyonywa. Kilichomvutia ni kwamba masimulizi yamejaa vifaa: magari, mipira, sindano, mashimo, sare. Aliona kuwa kwa kusimulia hivyo watu walikuwa wakiuzungumzia utawala wenyewe, kazi zake na matibabu yake. Mimi namuunga mkono. Wapimaji wa malale walipita vijijini, wakawachoma watu vidole, damu ikaondoka nao. Ukitolewa damu na mtu usiyemjua, kwa lugha usiyoielewa, kisha akapanda gari akaenda zake, utakachosimulia jioni kijiweni ni nini?

Ndiyo maana mnyama huyu ana bosi na ana gari la ofisi. Hakutoka kuzimu, alitoka bomani, na mpelelezi wetu asiye na hirizi anatosha kabisa kumfuatilia. Anachohitaji ni orodha ya zamu.

Uvumi wenyewe haujastaafu. Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa uliwahamisha wafanyakazi wake kutoka Mulanje na Phalombe, kusini mwa Malawi, baada ya makundi ya watu kuwaua walioshukiwa kunyonya damu. Hapo hata mpelelezi wetu hakupata la kuchekesha la kuandika.

Wazimamoto wa kwetu nao wana lawama mpya siku hizi. Tunawapigia simu, tunawasubiri, na wanafika nyumba imeshakuwa majivu, tena gari halina maji.