Kanisa la Mkunazini: tunayoambiwa na ukweli wenyewe

Kila nikitembeza wageni Mji Mkongwe wa Zanzibar, tukitoka Darajani tukakata vichochoro mpaka Mkunazini, hakosi mmoja wa kuuliza "si ndo lile lenye minara miwili tuliloliona tukiwa kwenye boti?" Hapana jamani, lile la minara miwili ni la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, liko upande wa Shangani. Hili ni la Waanglikana, mnara wake mmoja, na ndo limejengwa pale lilipokuwa soko la watumwa.

Sasa dhana inayoniuma zaidi ni ya vile vyumba vya chini. Unashuka ngazi pale jengo la St. Monica, jirani na kanisa, giza, dari fupi mpaka unainama, unaambiwa watumwa walifungiwa humu wakisubiri mnada, na watu wanatoka wanalia, siwalaumu hata kidogo. Lakini jengo lile lilijengwa na wamisionari wenyewe, lilikuwa hospitali yao, na wakati huo soko lilishafungwa zamani, ndo maana wanahistoria wengi hawaikubali hadithi hiyo. Haina maana hapakuwa na mateso! Soko lilikuwa hapohapo, watu waliuzwa hapohapo. Ingia kanisani utaona mbele ya madhabahu duara la marumaru sakafuni, panatajwa kuwa ndo palipokuwa na mti wa kuchapia watu viboko. Halafu nje kuna lile shimo lenye sanamu za watu waliofungwa shingoni, sanamu ni za miaka ya 1990, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ila minyororo ni ya kweli ya enzi zile. Mambo mazito kama haya tusiyatie chumvi, maana siku mtu akigundua moja si kweli ataanza kutilia shaka na yale ya kweli.

Wengine wanadhani soko lilipofungwa 1873 utumwa nao ukaisha. Wapi! Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, masoko yakafungwa na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku, lakini aliyekuwa shambani kwenye mikarafuu alibaki mtumwa vilevile mpaka sheria ya 1897, na masuria wakasubiri mpaka 1909. Hebu hesabu hiyo miaka.

Wapo pia wanaodhani David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, kazikwa hapa. Hakuzikwa hapa. Kilichopo ni msalaba uliochongwa kutokana na mti wa kule Chitambo, Zambia, mti ambao moyo wake ulizikwa chini yake, mwili wakina Chuma na Susi, watumishi wake, waliubeba mpaka pwani ukapelekwa kuzikwa London. Aliyezikwa hapa, nyuma ya madhabahu, ni Askofu Edward Steere aliyelijenga kanisa hili, alifariki 1882. Huyu watu wanampita tu, na ndo aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kukusanya ngano za Waswahili wa hapahapa Unguja.

Na zile nguzo za ndani ya kanisa zilizosimamishwa juu chini si ishara ya siri yoyote, inasimuliwa mafundi walizisimamisha hivyo askofu akiwa safarini.

Mwisho, watu wanaingia kama wanaingia makumbusho, kaptula, simu juu. Ni kanisa, watu wanasali humo mpaka leo, kwa hiyo ukikuta ibada inaendelea anzia kule nje kwenye shimo la minyororo, ndani utaingia wakimaliza.