Programu ya mihimili mitano kwa vipande vya ndege: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukipanda Cessna Caravan kutoka Dar kwenda Zanzibar, au kutoka Arusha kuingia Serengeti, injini iliyo mbele ya rubani ni PT6A ya Pratt & Whitney Canada, injini iliyobuniwa Longueuil, ng'ambo ya mto kutoka Montreal. Ndani yake mna gurudumu lenye mapanga yaliyopinda, kazi yake kuvuta hewa na kuibana. Sisi tunaliita impela. Gurudumu la namna hiyo hukatwa kutoka bonge moja la chuma, na kisu hakina budi kupenya kati ya panga na panga huku kikiinama kila upande bila kugusa panga la jirani. Mashine inayoweza kazi hiyo ina mihimili mitano: mitatu ya kwenda moja kwa moja, miwili ya kuzunguka. Maelekezo yake hayaandikiki kwa mkono, yanatoka kwenye programu ya kompyuta.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kwenye karakana ndogo nje kidogo ya Montreal, ingawa nilianza na tupa na jiliwa kule Tanga. Vijana wa nyumbani wananitumia ujumbe kila wiki wakiuliza wanunue programu ipi: kaka, tununue Mastercam au hyperMILL? NX au CATIA? Kabla ya kuwajibu nalazimika kwanza kuondoa mambo wanayoyashika kama kweli.

"Kazi ya ndege ni mihimili yote mitano kucheza pamoja"

Hiki ndicho wauzaji wanachoonyesha, na kweli kinavutia macho. Lakini sehemu kubwa ya vipande vya mwili wa ndege, yaani mbavu za bawa, fremu na mabano, hukatwa kwa namna tunayoiita tatu-na-mbili: mihimili miwili inakiinamisha kipande, inafungwa breki, kisha kisu kinafanya kazi kwa mihimili mitatu ya kawaida. Mashine ikiwa imefungwa breki hukaa imara zaidi na kisu hakitetemeki ovyo. Mwendo wa mitano kwa pamoja unahitajika kwenye impela, kwenye diski zenye mapanga yake humo humo, na kwenye kuta zinazoegemea ndani.

Kwa hiyo, kabla hujalipia kila moduli, panga vipande vyako mezani uhesabu ni vingapi vinadai mitano ya pamoja. Karakana nyingi ndogo zinalipia leseni ya kukata mapanga ya impela wakati kazi yao yote ni mabano ya aluminiamu.

"Kwenye skrini haikugonga, basi mashineni haitagonga"

Hapa nataka tukae, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa na wengine kazi.

Programu ikishachora njia ya kisu, njia hiyo bado haijawa lugha ya mashine yoyote. Ni orodha ya nukta na mielekeo: ncha ya kisu iwe hapa, mpini uelekee kule. Kuna programu nyingine ndogo, posti, inayochukua orodha hiyo na kuigeuza kuwa G-kodi, yaani maagizo ambayo mashine yako inayasoma. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1952 MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ilionyesha mashine ya kwanza ya kukata chuma inayoongozwa kwa namba, kazi iliyoanzia kwenye wazo la John T. Parsons wa Michigan aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ikatengenezwa lugha ya APT, na humo ndimo umbo la kipande lilipotenganishwa na tabia za mashine. Mpaka leo CATIA na NX zinaweza kukutolea faili la mtindo wa APT.

Sasa, simulesheni nyingi, yaani maigizo ya ukataji kwenye skrini, zilizomo ndani ya programu zinaigiza ile orodha ya kabla ya posti. Mashine inasoma kilichotoka baada ya posti. Hivi ni vitu viwili.

Nilikuwa nakata impela ya titani kwenye mashine ya meza inayoinama na kuzunguka. Kwenye skrini yote yalikuwa kijani. Karibu na kitovu cha impela, mpini wa kisu ulikuwa unakaribia kusimama wima, sambamba na mhimili wa kuzungusha meza. Mahali hapo hesabu ina majibu mawili: meza iiname upande huu, au iiname upande wa pili na kuzungushwa nyuzi 180. Posti yetu ilichagua jibu la kwanza, ikaenda nalo hadi meza ikafika mwisho wa uwezo wake wa kuinama, kisha ikarukia jibu la pili. Haikuwa imefundishwa kukinyanyua kisu kwanza. Meza ikageuka nusu mzunguko kisu kikiwa ndani ya chuma. Mlio wake ulikuwa mfupi tu, kama mtu anayevuta kiti kwenye sakafu ya saruji. Nilipofungua mlango nikakuta mfereji wa kina cha milimita 0.4 kwenye kipande ambacho ruhusa yake ya kukosea ni 0.05, na kilikuwa kimeshakula saa 11 za mashine.

Programu ile haikuwa mbaya. Posti ndiyo ilikuwa haijakamilika, na mimi sikuikagua G-kodi yenyewe.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji yeyote linahusu posti. Imeandikwa kwa mashine hii hii niliyonayo? Inajua mipaka ya kuinama kwake? Ikikaribia pale pa nyuzi 180 inafanya nini? Inaamrisha vipi ufuatiliaji wa ncha ya kisu, yaani mashine kuishikilia ncha mahali pake huku mihimili ikigeuka? Inategemea kidhibiti cha mashine: kwenye Fanuc amri hiyo ni G43.4, kwenye Siemens ni TRAORI, kwenye Heidenhain ni M128. Njia ni ile ile moja, lugha tatu, na ukiikosea kisu kinaenda kusikotarajiwa. Kisha nauliza simulesheni inasoma nini. Vericut, programu ya ukaguzi, ilijijengea jina kwa kuwa inasoma G-kodi yenyewe, ile itakayoingia mashineni, ikiwa na umbo kamili la mashine, vishikizo na mpini wa kisu. Zipo programu nyingine ambazo siku hizi zinafanya hivyo kwa ndani. Lolote utakalochagua, hakikisha kinachokaguliwa ndicho kitakachokata.

"Posti inakuja bure na programu"

Inakuja posti ya jumla, ya kuanzia. Posti nzuri ya mihimili mitano inalipiwa, inajaribiwa mashineni, na inarekebishwa kila mashine inapobadilishwa kitu. Iweke kwenye bajeti toka mwanzo kama unavyoweka umeme.

"Wakubwa wanatumia CATIA, basi na sisi tununue CATIA"

Hoja hii ina chembe ya ukweli. Mteja mkubwa wa ndege siku hizi mara nyingi hakutumii mchoro wa karatasi; anakutumia modeli ya kompyuta yenye vipimo na toleransi (ruhusa za kukosea) humo humo, na modeli ndiyo yenye mamlaka. Kwa hiyo programu yako lazima iisome bila kuiharibu. Lakini kusoma faili la CATIA si lazima umiliki CATIA nzima. Muombe mteja modeli halisi ya kazi, ifungue kwenye kila programu unayoijaribu, kisha linganisha: kuna uso uliopotea? Kuna ukingo uliopasuka? Toleransi zimefika au umepata umbo tupu? Nusu saa ya zoezi hili inakuonyesha zaidi ya kijitabu cha matangazo. CATIA na NX zina faida kubwa pale ubunifu na ukataji vinapokaa nyumba moja, kwamba modeli ikibadilika njia ya kisu inajua. Kwa karakana ya watu sita inayopokea modeli zilizokwisha kamilika, faida hiyo inapungua sana.

"Bora ni inayomaliza haraka"

Kasi ina maana, sikatai. Si ajabu bonge la aluminiamu la kilo 100 kutoa kipande cha kilo 10, vingine vyote vikawa vinyuzi kwenye pipa. Mwenye kuondoa chuma haraka anapata faida.

Na kuna mahali programu inaleta tofauti ya kweli. Chukua ukuta wa panga wenye urefu wa milimita 60. Ukiumalizia kwa kisu cha ncha ya mviringo kama mpira chenye kipenyo cha milimita 10, kila ukisogea 0.3 unaacha mabonde yenye kina cha takriban 0.002. Hiyo ni mipito 200. Sasa shika kisu cha pipa, ambacho ubavu wake ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha milimita 250. Kwa mabonde ya kina kile kile unaweza kusogea zaidi ya milimita 2 kila mpito, na mipito inashuka hadi chini ya 30. Ila kisu hicho hakina huruma: kikiinama vibaya kidogo kinatafuna ukuta. Programu lazima ijue umbo lake sawasawa na kuuongoza mwinamo wake muda wote. Basi muulize muuzaji, na muombe akuonyeshe kwenye panga lako, si kwenye lake.

Lakini saa zinazoonyeshwa kwenye skrini ni makadirio. Programu inaamini meza itageuka kwa kasi iliyoandikwa. Meza yenye kipande kizito haifanyi hivyo. Na kwenye titani haraka ina bei nyingine kabisa, ambayo ndiyo dhana inayofuata.

"Vipimo vikisoma sawa, kipande ni kizima"

Tarehe 6 Julai 1996, ndege ya MD-88 ya Delta, safari namba 1288, ilikuwa ikikimbia kwenye njia ya kurukia huko Pensacola, Florida. Kitovu cha feni cha injini ya kushoto kikapasuka, vipande vikatoboa kiwiliwili cha ndege, abiria wawili wakafa. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za usafiri, walifuatilia ufa hadi kwenye tundu moja la kitovu hicho cha titani. Tundu lilikuwa limetobolewa kwa namna iliyoipandisha joto titani ile hadi ikabadilika asili na kuwa ngumu ukutani mwake, na ukaguzi wa kiwandani haukulikataa.

Naitaja ajali hii kwa kila anayekuja kujifunza kwangu. Titani tunayoitumia zaidi, Ti-6Al-4V, inapitisha joto karibu mara 20 pungufu ya aluminiamu ya 7075. Joto haliendi na vinyuzi, linabaki kwenye kisu na kwenye ngozi ya kipande. Kipimo hakiwezi kuliona. Programu nayo hailioni. Inajua umbo, haijui metali inapitia nini.

Hili linahusu vipi uchaguzi? Linahusu sana. Kwa vipande muhimu vinavyozunguka, njia ya kukata ikishakubaliwa na mteja inafungwa: kisu kile, kasi ile, maji ya kupoozea yale. Huwezi kuamka asubuhi ukaongeza kasi kwa sababu programu imetoa toleo jipya lenye mbinu tamu. Kiwango cha AS9100, kile cha ubora kwa sekta ya ndege, kinadai programu zinazoendesha uzalishaji zithibitishwe kabla ya kuachiwa kazini na zitunzwe baada ya hapo. Kwa hiyo tafuta programu inayokuwezesha kuzifunga namba, inayoonyesha nani amebadilisha nini na lini, na ambayo toleo lake jipya halizichori upya njia zako za zamani kimyakimya. Wauzaji hawalisemi hili. Mkaguzi wa mteja atalisema.

"Nikiwa na mashine na programu, natengeneza vipuri vya ndege"

Ndugu yangu, hapana. Kipuri kinachopanda ndege kinahitaji cheti cha kuachiwa, kama Fomu 1 ya EASA, mamlaka ya anga ya Ulaya, au 8130-3 ya FAA, ile ya Marekani, na nyuma ya karatasi hiyo kuna idhini ya kuzalisha na mnyororo wa ushahidi unaoanzia kwenye bonge la chuma lenyewe. Kipande kinachofanana kwa kila kipimo lakini hakina karatasi, kwenye ndege hakina nafasi. Njia ya karakana changa ni kuwa msaidizi wa mwenye idhini, au kuanza na vifaa vya ardhini na vishikizo.

"Bila mamilioni huwezi kujifunza"

Unaweza. Fusion, programu ya kampuni ya Autodesk, ina leseni ya bure kwa wanafunzi na walimu. Ile ya bure ya matumizi binafsi ilipunguziwa mambo mwaka 2020, ikiwemo mihimili mitano, kwa hiyo kama uko chuoni tumia jina la chuo. Kichwa chako kikishaelewa mwelekeo wa kisu na tabia za posti, kuhama kutoka programu moja hadi nyingine ni kazi ya wiki kadhaa.

Nikirudi kwa wanaoniuliza Mastercam au hyperMILL: chukueni kipande chenu kigumu kuliko vyote, mpeni kila muuzaji modeli ile ile, na mwambieni aje akikate kwenye mashine yenu, kwa posti atakayowauzia, ninyi mkiwa mmesimama pale. Aje na anayeandika posti, siyo anayeuza tu. Kisha mwombeni namba ya simu ya huyo anayeandika posti, na mmuulize kama Ijumaa saa mbili usiku anapatikana.