Piseth Pilika wa Kambodia: yanayosemwa na yaliyokuwa

Jina la Piseth Pilika, mcheza ngoma na nyota wa filamu wa Kambodia aliyeuawa 1999, likitajwa, mazungumzo huanzia kwenye risasi na kuishia hapohapo. Mcheza ngoma mwenyewe husahaulika, na nafasi yake hujazwa na uvumi.

Dhana: Alikuwa nyota wa filamu aliyecheza ngoma kama pambo tu.
Ni kinyume. Alizaliwa 1965 kwa jina la Oak Eap Pili, akasomea ngoma ya kifalme ya Wakhmer, watu wa Kambodia, katika shule ya sanaa ya mji mkuu, Phnom Penh, na filamu zikaja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Dhana: Alilelewa ikulu kama wachezaji wa zamani.
Maisha hayo ya ikulu hayakuwepo tena. Khmer Rouge, wakomunisti wa Pol Pot, walitwaa Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975 wakang'olewa Januari 1979, na inakadiriwa wasanii 9 kati ya 10 walikufa katika miaka hiyo. Pilika alipoteza wazazi wake. Shule ilipofunguliwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu walikuwa wazee wachache walionusurika. Mmoja wao, Chea Samy, alikuwa mke wa kaka yake Pol Pot. Walifundisha kwa kumbukumbu.

Ugumu wa kuanza upya ulikuwa kwenye umri. Kwa kawaida mtoto huanza akiwa na miaka 6 hadi 8, viungo vingali laini. Kila siku vidole hukunjwa kuelekea nyuma ya kiganja, viwiko husukumwa vipinde upande wa nje, mgongo huzoezwa kubonyea kiunoni. Ndipo huja *chha banhchos*, mfululizo wa miondoko ya msingi, polepole kisha kwa kasi. Mwalimu hutazama uso na umbo, akaamua nani awe *neang* (mwanamke), *neayrong* (mwanamume), *yeak* (jitu) au *sva* (nyani). Anayeanza akiwa kigori hukuta viungo vimeshakaza: vidole havipindi vya kutosha, na akilazimisha huumia. Kizazi cha Pilika hakikuwa na hiari. Sehemu ya utoto wao ilipita wakati ngoma imekatazwa.

Dhana: Ngoma ya Apsara ina umri wa miaka 1,000.
Michongo ya apsara (mabinti wa mbinguni) katika hekalu la Angkor Wat ni ya karne ya 12. Ngoma yenyewe, kama ichezwavyo leo, ilitungwa katikati ya karne ya 20 chini ya Malkia Kossamak, na mjukuu wake Buppha Devi ndiye aliyeipa sura. Uhusiano wake na mawe hayo ni wa kweli, lakini umri si huo.

Dhana: Anayejua jukwaa hapati shida mbele ya kamera.
Jukwaani uso hutulia, mikono ndiyo husimulia. Hata kilio huonyeshwa kwa mkono unaopelekwa machoni. Vazi hushonewa mwilini kabla ya onyesho, kwa hiyo mwili husogea kwa kipimo. Kamera inataka kitu kingine: uso wa karibu, pumzi, jicho linaloyumba. Mchezaji asiyeacha vipimo vyake huonekana mkavu kwenye filamu.

Dhana: Alikufa papo hapo.
Alipigwa risasi mchana, 6 Julai 1999, karibu na Soko la O'Russey, akiwa na mpwa wake wa miaka 7 ambaye naye alijeruhiwa. Alifariki 13 Julai katika Hospitali ya Calmette. Maelfu walijitokeza kumzika.

Dhana: Muuaji anajulikana.
Hakuna aliyehukumiwa. Oktoba 1999 jarida la L'Express la Ufaransa lilichapisha kurasa zilizodaiwa kuwa za shajara yake, zikitaja mapenzi na Waziri Mkuu wa wakati huo, Hun Sen, pamoja na tuhuma dhidi ya mke wa Hun Sen, Bun Rany. Bun Rany alikanusha. Tuhuma hizo hazijathibitishwa mahakamani, na anayezisimulia kama hukumu anapotosha.

Dhana: Lilikuwa tukio la peke yake.
Desemba 1999 Tat Marina, binti aliyeonekana kwenye video za karaoke, alimwagiwa tindikali. Mwaka 2003 mwimbaji Touch Srey Nich alipigwa risasi akanusurika. Mama yake aliuawa. Mwaka 2007 mwimbaji Pov Panhapich naye alipigwa risasi, akanusurika. Sheria ya kudhibiti tindikali ilikuja 2012.