Kimbunga hakifiki kwetu, na mengine tunayoaminishana

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilipotangaza kuwa Kimbunga Hidaya kinaelekea pwani yetu, kauli niliyoisikia mara nyingi ilikuwa moja: vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, huku haviji. Waliosema hivyo walikuwa watu wenye akili zao, wengine wamesoma kunizidi. Ndipo nikaanza kuziangalia upya dhana tunazopokezana mitaani. Nyingi ya zile zinazodumu si uzushi mtupu. Zina mguu mmoja kwenye ukweli, na kwa mguu huo ndio zinatembea.

"Tuko karibu na ikweta, kimbunga hakifiki"

Mguu wa kweli ni huu: ili upepo wa baharini ujizungushe na kuwa kimbunga, unahitaji kusukumwa na mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta msukumo huo ni hafifu mno. Ndani ya nyuzi 5 hivi, kaskazini au kusini, ni nadra sana kimbunga kuzaliwa.

Lakini Unguja iko nyuzi 6 kusini, Mafia karibu 8, Lindi 10. Tena kimbunga hakikai kilipozaliwa, kinasafiri. Aprili 1872, wakati wa Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha meli bandarini na kung'oa mikarafuu shamba kwa shamba. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka kabla ya kuzaa, Pemba ikapanda juu katika zao hilo hadi leo. Yaani sababu mojawapo ya karafuu kuhesabiwa kuwa mali ya Pemba ni kimbunga ambacho tunasema hakiwezi kuja! Mwaka 1952 kingine kikaipiga Lindi. Na Hidaya nacho kilifika Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimeshapungua nguvu, lakini mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, kusini wakabaki wametengwa.

Kwa hiyo neno sahihi ni kwamba vimbunga kwetu ni vya nadra. Anayeambiwa "ni nadra" atavuta mtumbwi wake nchi kavu tahadhari ikitolewa. Anayeambiwa "haviji" ataendelea kuvua.

"Amenyeshewa, sasa ana malaria"

Hii nimelelewa nayo. Ukirudi umelowa, unavuliwa nguo, unapewa chai ya tangawizi, na homa ikija kesho yake kila mtu anajua imetoka wapi. Kwingine linalaumiwa embe bichi au muwa.

Mvua na malaria kweli vinajuana, ila havikutani kwa haraka hiyo. Mvua inaacha madimbwi, mbu wanataga, mabuu yanakua. Mbu jike wa Anofelesi akimuuma mtu mwenye vimelea, vinahitaji siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu huyo kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Na huyo mwingine, kwa kawaida, ataanza kuumwa siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu. Piga hesabu: homa ya asubuhi hii haiwezi kuwa malaria iliyoletwa na mvua ya jana jioni. Ronald Ross alivikuta vimelea kwenye tumbo la mbu huko India mwaka 1897, zaidi ya miaka 120 sasa, na bado tunailaumu mvua.

Ninaisema kwa uchungu kidogo kwa sababu dhana hii inaua kimyakimya. Mama anayeamini mvua ndiyo chanzo atamnunulia mtoto sweta, na chandarua kitabaki kimekunjwa kabatini. Na anayeamini kila homa ni malaria ataenda duka la dawa kununua dawa mseto bila kupima, kumbe mtoto ana nimonia. Kipimo cha haraka ni tone la damu na dakika 15 hadi 20 za kusubiri.

"Mwezi wa saba baridi kali, jua limekwenda mbali"

Nenda Makete au Njombe wakati wa kipupwe, ukute sakitu kwenye majani alfajiri, utaelewa kwa nini watu wanaamini hivyo. Na kweli, mwanzoni mwa Julai dunia iko mbali zaidi na jua: kilomita milioni 152, dhidi ya milioni 147 mwanzoni mwa Januari.

Basi mbona Januari hiyohiyo, jua likiwa karibu kabisa, Ulaya wanazama kwenye theluji? Tofauti ile ni ndogo, kama asilimia 3. Kinacholeta majira ni mhimili wa dunia, ambao umelala kwa nyuzi 23 na nusu hivi. Julai nusu yetu ya kusini inakuwa imelipa jua kisogo, mionzi inatufikia kwa kulala na mchana unakuwa mfupi.

"Kiswahili ni nusu Kiarabu"

Maneno ya Kiarabu ni mengi, hilo halina ubishi. Katika kuhesabu tu, sita, saba na tisa yametoka huko, ilhali moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya Kibantu. Lakini lugha haipimwi kwa maneno iliyoazima. Meza ni ya Wareno, shule ya Wajerumani, gari la Wahindi.

Tazama lugha inavyoyafanya maneno hayo. Mwarabu ana *kitab*, na vikiwa vingi anasema *kutub*. Mswahili alisikia *ki* pale mwanzo, akaliingiza neno kwenye ngeli yake: kitabu, vitabu. Juzi tu tumelifanyia vivyo hivyo neno la Waingereza la barabarani, *keep left*, tukapata kiplefti na viplefti. Huo ni Ubantu unaofanya kazi mbele ya macho yetu, na ninaufurahia kila nikiusikia.

"Ukivaa nyekundu, radi itakufuata"

Radi haijui rangi, wala kufunika vioo hakuikingi nyumba. Inavutwa na kilicho kirefu na kilicho peke yake: mti uwanjani, au mtu aliyesimama katikati ya shamba tupu. Chini ya mwembe, tunapokimbilia wengi, ndipo pabaya. Ingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa.

Na wapo wanaoogopa kumgusa aliyepigwa, eti bado ana umeme. Hana. Mguse, angalia kama anapumua, na kama hapumui anza kumbonyeza kifua papo hapo, huku mwingine akiita msaada.