Kwa nini mgonjwa wa kiharusi hupigwa CT-Scan kabla ya kupewa dawa?

Mtu kaamka salama, kanywa chai, mara mdomo umepinda, mkono hauinuki na maneno hayaeleweki. Ndugu wanamkimbiza hospitali, na huko, kabla ya dawa, anapelekwa kwenye CT-Scan, mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa kwa eksirei. Wengi huona anacheleweshwa. Je, wajua kwamba dawa inayoweza kumwokoa inaweza pia kumuua?

Viharusi vingi hutokea bonge la damu linapoziba mshipa wa ubongo. Vingine hutokea mshipa unapopasuka, damu ikavujia ndani. Dalili hufanana kiasi kwamba hata daktari mzoefu hawezi kuvitenganisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa tu. Tiba, hata hivyo, zinapingana. Aliyeziba mshipa huenda akahitaji dawa ya kuyeyusha bonge, kama alteplase; aliyepasuka mshipa akipewa hiyo, damu itazidi kuvuja.

CT-Scan, iliyotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1971, huonyesha damu mbichi iliyovuja kama doa jeupe katikati ya ubongo wa kijivu. Kuipiga ni suala la dakika chache. Doa likionekana, daktari hushughulikia shinikizo la damu na kuwaita wapasuaji wa ubongo ikibidi.

Familia nyingi huchanganyikiwa picha inapotoka safi. Mshipa ukiziba, saa za mwanzo picha mara nyingi haionyeshi kasoro, kwani sehemu iliyokosa damu bado haijabadilika vya kutosha. Mgonjwa hajapona, wala mashine si mbovu. Kiharusi chenyewe daktari alishakitambua kwa kumpima mgonjwa. Picha aliiuliza jambo moja tu: kuna damu iliyovuja? Jibu la "hapana" ndilo linalomruhusu kufikiria alteplase, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa aliyeamka akiwa na dalili, saa huhesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, ingawa picha za MRI (mashine inayotumia sumaku) zinaweza kusaidia kukadiria kama muda bado upo.

Kwa hiyo mnapomfikisha, tajeni saa dalili zilipoanza na dawa anazotumia, hasa za kuzuia damu isigande. Na msimpe aspirini nyumbani: kabla ya picha, hakuna ajuaye ni kiharusi kipi.