Databesi haijagoma: soma kosa la kwanza kabla ya kuwasha seva upya

"Kaka, databesi imegoma. Nikizima seva na kuiwasha inakubali, baadaye inagoma tena." Ujumbe huu unanifikia kwa maneno yaleyale kutoka kwa watu wasiofahamiana, na mara nyingi unakuja na picha ya skrini yenye neno PendingRollbackError. Kisha swali: niongeze RAM, au nihame MySQL niende PostgreSQL?

Hapana. Usiongeze kitu, usihame. Databesi yako ni nzima. Kilichokwama ni sesheni, nayo imekwama kwa sababu umeifanya muunganisho wa kudumu.

Nazungumzia SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuzungumza na databesi, ambayo wengi wanaoandika programu za wavuti kwa Flask na FastAPI wanaitumia. Miunganisho ya databesi inatunzwa na injini, ile unayoiunda kwa create_engine. Bila kubadilisha mipangilio, kwa PostgreSQL au MySQL inatunza 5, na ikizidiwa inaruhusu 10 ya ziada. Sesheni ni kitu kingine kabisa. Inakumbuka rekodi ulizosoma, inakusanya mabadiliko uliyofanya, na inaazima muunganisho pale tu inapouhitaji. Muamala, yaani kundi la amri zinazofaulu zote au kufutwa zote, ukifungwa, muunganisho unarudi kwa injini. Kwa hiyo sesheni ni ya kazi moja: ombi moja la mtumiaji linaingia, sesheni inafunguliwa, jibu linatoka, sesheni inafungwa. Kuiunda ni rahisi mno kwa kompyuta, hakuna unachookoa kwa kuing'ang'ania.

Sasa tazama kinachotokea ukiandika sesheni = Session(engine) juu kabisa ya faili na kuitumia programu nzima. Juma anabadilisha namba yake ya simu, anaweka ambayo tayari ni ya mtu mwingine. Databesi inakataa kwa haki: IntegrityError, yaani data imekiuka kanuni yake. Wewe umeweka except inayorudisha "Kuna tatizo, jaribu tena" na kuendelea. Muamala umeshavunjwa, lakini sesheni inasubiri uite rollback(), amri ya kurudisha nyuma, ili ijue kwamba umelijua hilo. Hukuiambia. Anakuja Asha, hataki kubadilisha chochote, anataka tu kuona wasifu wake. Anapigwa na PendingRollbackError. Baada yake kila mtu anapigwa.

Ukifungua logi, kumbukumbu za programu, unaona mistari mingi ya makosa ya Asha na wenzake, na unaanza kuchunguza ukurasa wa wasifu, ambao hauna kosa lolote. Panda juu kwenye logi! Kosa la Juma liko huko, mara moja tu, au halipo kabisa kwa sababu except yako imelimeza. Tena ujumbe wa PendingRollbackError wenyewe unataja kosa asilia mwishoni. Watu wanakata picha ya skrini kabla ya kufika hapo.

Kama kosa lilitokea kwenye SQL uliyoituma mwenyewe kwa execute(), kwenye PostgreSQL utaona sura nyingine ya ugonjwa uleule: "current transaction is aborted, commands ignored until end of transaction block", namba 25P02. Hapo pia databesi haijagoma. Inakataa amri mpya mpaka ufunge muamala ulioharibika.

Na kuwasha seva upya kunasaidia kweli. Ndiyo maana imani hii haifi. Mchakato ukifa, sesheni iliyokwama inakufa nao, na mpya inazaliwa safi. Mtu anaona dawa imefanya kazi, anahitimisha kwamba aliyekuwa mgonjwa ni databesi. Baadhi wanaweka kabisa ratiba ya kuwasha seva upya kila usiku, na Juma wa kesho anaikwamisha tena saa tatu asubuhi.

Andika hivi:

with Session(engine) as sesheni, sesheni.begin():
    mteja = sesheni.get(Mteja, mteja_id)
    mteja.simu = simu_mpya

Ikifaulu, inakomiti, yaani inahifadhi mabadiliko. Ikishindwa, inarudisha nyuma na kufunga, kisha kosa linakufikia nje ya sesheni, ambako unaweza kumjibu mtumiaji kwa usalama.

"Lakini mimi natumia Flask-SQLAlchemy, yenyewe inafunga." Inafunga muktadha wa programu unapoisha. Ukiwa na uzi wa nyuma (thread) ulioingia app_context() mara moja na kuzunguka ndani ya while True, muktadha hauishi, na sesheni yako ni ileile ya kudumu. Ingiza with app.app_context() ndani ya mzunguko.

DetachedInstanceError, kosa la kugusa rekodi iliyoachana na sesheni yake, nitaipitia haraka. Ukishakomiti, SQLAlchemy huzihesabu thamani ulizonazo kuwa zimepitwa na wakati, na ukigusa mteja.jina inarudi kusoma upya. Kama sesheni imefungwa, haina pa kusomea. Tengeneza jibu kabla ya kufunga, na rekodi zinazohusiana zivute mapema kwa selectinload. Wengi wanakimbilia expire_on_commit=False, inayoziacha thamani zilivyo baada ya kukomiti. Kwenye AsyncSession, sesheni ya msimbo wa async, naiweka bila kusita. Kwenye Flask ya kawaida siipendi, kwa sababu unabaki na thamani za zamani mkononi bila onyo. Nakiri mpaka huo ni wa mazoea kuliko hoja. Na merge(), ya kuirejesha rekodi kwenye sesheni, inarudisha kitu kingine: ukiendelea kubadilisha kile cha zamani, mabadiliko yako hayaendi popote.

Linaloniogopesha kuliko yote ni lisilo na kosa kabisa: umebadilisha thamani ndani ya safuwima ya JSON, umekomiti, hakuna kilichoandikwa. SQLAlchemy haioni mabadiliko ya ndani mpaka utumie MutableDict (nayo huona ngazi ya kwanza tu) au uite flag_modified.

Kwa malipo ya simu, mfumo wako lazima uvumilie taarifa moja kufika mara mbili, pengine kwa wakati mmoja. Hapo watu wanasoma salio, wanajumlisha kwenye Python, wanaandika, na moja ya nyongeza mbili inapotea. Niko kati ya with_for_update(), inayofunga rekodi na kusubirisha wengine, na version_id_col, inayokupa StaleDataError ukichelewa. Nimeona kila moja ikifaa na kila moja ikisumbua. Lisilo na mjadala ni kuweka kizuizi cha upekee (UNIQUE) kwenye namba ya malipo, na kuiingiza ndani ya muamala uleule wa databesi unaoongeza salio. Taarifa ya pili itagonga IntegrityError, salio halitaguswa. Hakikisha ni kizuizi hicho kilichogongwa, fanya rollback, kisha mjibu mtumaji 200, yaani imepokelewa, ili aache kuirudia.