Nakala ya kujifunzia katika uchoraji wa rangi za mafuta

Nakala ya kujifunzia ni picha ambayo mwanafunzi wa uchoraji huichora kwa kuifuata kazi ya gwiji aliyemtangulia, ili mkono wake upite palepale ulipopita mkono wa gwiji huyo. Haifanani na kazi ya kughushi, kwa kuwa mwanafunzi hana nia ya kumfanya mtu yeyote aamini kwamba ameona picha ya asili. Makumbusho ya Louvre mjini Paris, ambayo yamekuwa yakiwapokea wanakili tangu mwaka 1793, huwataka wachore kwa vipimo tofauti na vya picha wanayoifuata, na huwakataza kuiga sahihi ya mchoraji wake.

Kwa anayeanza kutumia rangi za mafuta, naona picha inayofaa sana ni ile ya Augustine Roulin na binti yake mchanga, Marcelle, iliyochorwa na Vincent van Gogh katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1888. Ziko mbili: moja imehifadhiwa New York na nyingine, iliyo kubwa zaidi, Philadelphia. Van Gogh ni mmoja wa wachoraji waliokuja baada ya Waimpreshonisti, yaani wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 waliojali zaidi mwanga na rangi; kundi hilo la waliokuja baadaye lilipewa jina la Post-Impressionists na mhakiki wa sanaa Mwingereza, Roger Fry, mwaka 1910 alipoandaa maonyesho ya kazi zao London. Uzuri wake kwa mwanafunzi ni kwamba hakuificha kazi ya burashi. Katika picha nyingi za kale rangi imelainishwa tabaka juu ya tabaka hata isijulikane mchoraji alianzia wapi, lakini hapa kila mkupuo wa burashi umebaki wazi, na unaweza kuona ulikoanzia, ulikogeukia na mahali rangi ilipoishia.

Tazama nguo nyeupe ya mtoto. Anayeanza hukimbilia kuijaza nyeupe tupu, kisha hushangaa kuona kitambaa kimekuwa bapa kama karatasi. Akisogea karibu hugundua kwamba weupe ule umechanganywa na rangi nyingine, na kwamba unang'aa kwa sababu ya manjano iliyouzunguka. Jambo hilo mwalimu anaweza kulieleza mara kumi bila kueleweka. Mwanafunzi hulielewa siku anapolazimika kuichanganya rangi hiyo mwenyewe, akakosea, akaikwangua kwa kisu na kuanza upya.

Rangi ya mafuta inamruhusu kufanya hivyo kwa sababu haikauki kama maji yanavyokauka juani. Mafuta ya kitani yaliyochanganywa na unga wa rangi huwa magumu polepole kwa kuvuta oksijeni ya hewani, kwa hiyo tabaka jembamba huchukua siku kadhaa, na rangi iliyorundikwa nene huweza kuchukua miezi. Ndiyo maana tabaka za chini huzimuliwa kwa tapentaini na zile za juu huongezwa mafuta. Mpangilio huo ukigeuzwa, tabaka la juu hukauka kabla ya lile lililo chini yake, na baadaye picha hupasuka.

Van Gogh mwenyewe alinakili sana. Alipokuwa akitibiwa hospitalini Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, alichora zaidi ya picha 20 kwa kufuata kazi za mchoraji Mfaransa Jean-François Millet, akisema kwamba anafanya kama mwanamuziki anayepiga utunzi wa mwenzake. Mwezi Januari 1890 alichukua fotografia ya picha ya Millet inayomwonyesha mama akimshikilia mtoto anayeanza kutembea kumwelekea baba yake, akaigawa kwa miraba, njia ileile ambayo wanafunzi huitumia hadi leo, kisha akaihamishia kwenye turubai. Fotografia hiyo ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Umbo alilipata kwa Millet. Rangi alilazimika kuziamua mwenyewe.